Ndugu wa Tarehe Moja

Mwezi Juni huku kwetu Soni ni mwezi wa kukaa karibu na moto. Ukungu hushuka ukafunika maporomoko ya mto, ukabaki kuyasikia maji bila kuyaona, na wenye vibanda pale njia panda ya Bumbuli hufunga mapema wakaenda kuota moto makwao. Katika jioni ya namna hiyo tulikuwa watu watatu jikoni kwa baba yangu: yeye mwenyewe, mzee aliyepita miaka themanini, mimi, na mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwanafunzi wa sekondari aliyekuja likizo.

Binti huyu ana daftari. Humo ameandika majina ya wanamuziki waliozaliwa tarehe 5 Septemba, ambayo ndiyo siku aliyozaliwa yeye. Wenzake hukusanya picha za wachezaji mpira. Yeye hukusanya watu wa tarehe yake, na sharti lake ni moja tu, kwamba mtu huyo awe alipiga, aliimba au alitunga. Aina ya muziki haimshughulishi. Jioni ile akatusomea.

Wa kwanza alikuwa Johann Christian Bach, aliyezaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1735. Baba, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini aliongoza kwaya na tarumbeta usharikani, akainua kichwa. "Ni Bach yule wetu?" akauliza. "Hapana, Babu, ni mwanawe wa mwisho wa kiume." Wa pili alikuwa John Cage wa Los Angeles, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1912. Huyu ndiye aliyetunga kazi iliyotolewa mwaka 1952, ambamo mpiga piano huketi mbele ya piano kwa dakika nne na sekunde thelathini na tatu bila kupiga hata nota moja. "Huyo angefaa kufundisha kwaya," baba akasema. "Waimbaji wengi hawajui kunyamaza." Wa tatu alikuwa mtu wa kwetu kwa kuzaliwa: Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la roki la Queen.

"Hawa ni ndugu zangu," binti akasema, akafunga daftari lake kwa fahari.

Baba aliutazama moto kwa muda. Kisha akauliza, wala haikuwa kwa utani: "Na mimi je? Mimi ni ndugu wa nani?"

Ndugu msomaji, swali hilo halikutuacha usiku ule wala siku zilizofuata. Nimeandika kurasa hizi ili nilijibu kwa kadiri ya uwezo wangu, na utaona kwamba jibu lilinipeleka mahali ambapo nisingependa kwenda.

Kwanza tuondoe jambo moja njiani. Kuna watu wanaodhani kwamba waliozaliwa tarehe moja wamefungwa pamoja na kitu cha ajabu, nyota au kudura fulani. Hesabu zinatuambia vingine. Ukikusanya watu 23 tu, kwaya moja ya kawaida, uwezekano wa kuwapo wawili waliozaliwa tarehe moja unazidi nusu. Ukipanda basi lenye abiria 60 kutoka Mombo kwenda Lushoto, uwezekano huo unapita asilimia 99. Karibu hakika humo ndani wamo wawili wenye tarehe moja, mmoja kashika kuku na mwingine kashika mkoba wa ofisini, nao watashuka bila kujuana. Kwa hiyo Bach, Cage na Mercury hawakukutanishwa na nyota. Wamekutanishwa na kalenda, kama abiria wanavyokutanishwa na basi.

Hapo msomaji makini ataniuliza: kama ni hivyo, kuna maana gani kuwasherehekea pamoja? Mtu husifiwa kwa alichokitenda. Kutunga ni tendo, kupiga ni tendo, na kunyamaza mbele ya piano kwa dakika nne, kama ni kwa makusudi, nako ni tendo. Lakini kuzaliwa hakuna aliyekutenda. Kama kuna sifa hapo, ni ya mama. Kumweka mtunzi mkubwa kando ya mwimbaji asiye na kipaji kwa sababu tu wote walizaliwa siku moja, je, si kuidharau kazi yenyewe?

Hoja hii ni nzito, nami niliishika kwa miaka mingi. Nimekulia katika nyumba ambamo muziki ulipimwa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo chao Mlalo mwaka 1891, na pamoja na Injili zikaja nyimbo zao, na baadaye tarumbeta. Baba alirithi kipimo hicho akakipenda kwa moyo wote. Kwake kulikuwa na muziki wa kusimama na muziki wa kulala. Muziki unaomwinua mtu na ule unaomwangusha. Wala simcheki. Mtu asiyepima hajapenda, kwa maana anayesema kila wimbo ni mzuri hajausikiliza hata mmoja.

Lakini tazama kipimo kinavyofanya kazi katika maisha. Tukishapima nyimbo huanza kupima waimbaji, na tukishapima waimbaji tunawapangia viti. Wa kwaya huku, wa dansi kule, wa taarabu pale, wa ngoma nje uani, na vijana wa muziki mpya barabarani kabisa. Redio nayo ina saa ya kila mmoja, ili wasikutane. Mwishowe mtu anaweza kuishi miaka sabini asiketi hata mara moja na mwanamuziki asiyemchagua. Na hapo ndipo tarehe inapokuja na upumbavu wake mwema. Tarehe haijui sauti ya tatu wala ya nne. Haiulizi umepiga wapi, kanisani au kilabuni. Inavuta benchi na kusema: ninyi wote mlifika siku moja, ketini. Baada ya kuketi mnaweza kupimana. Kabla ya kuketi, hapana.

Mahali pengine tunapokutana na benchi la namna hiyo ni kwa mama. Hakuna aliyemchagua ndugu yake. Ndugu hatuwapi heshima kwa sababu wameishinda katika mashindano; tunaikuta wamekalia karibu yetu, nasi tunatakiwa tuanzie hapo.

Nilikuwa nikimweleza baba mambo haya siku ya pili yake, nikamsimulia habari ya huyo Bach mdogo. Baba yake, Johann Sebastian, alikuwa mkuu wa muziki wa kanisa la Kilutheri Leipzig, naye alifariki mwaka 1750 mtoto huyu akiwa na miaka kumi na minne. Akalelewa na kufundishwa muziki Berlin na kaka yake mkubwa, Carl Philipp Emanuel. Kisha yule mdogo akaenda Italia, akageuka Mkatoliki, mwaka 1760 akawa mpiga kinanda wa kanisa kuu la Milano, akaanza kutunga opera za jukwaani, na mwaka 1762 akahamia London, ambako baadaye alimpokea mtoto mdogo aitwaye Mozart na kupiga naye kinanda. Kaka yake, alipokuwa akiongeza maelezo katika orodha ya ukoo wao, aliandika kwa mdogo wake neno fupi la pembeni: kwamba huyu, baina yetu, hakufanya kama alivyofanya yule babu wa kale mwaminifu, aliyehama nchi kwa ajili ya dini yake ya Kilutheri.

Baba akanyamaza. Nami nikatambua, nimechelewa, nilichokuwa nimekifanya. Nilidhani nasimulia habari za Ujerumani, kumbe nilikuwa nimeingia katika chumba cha nyumbani kwetu ambacho hatukukifungua kwa miaka mingi.

Baba alikuwa na mdogo wake. Walikua pamoja hapa Soni, wakachunga mbuzi pamoja, wakaimba pamoja kwaya ya watoto. Mdogo alikuwa na sikio kuliko mkubwa, na jambo hilo baba mwenyewe hukubali. Akiwa kijana aliteremka Tanga kufanya kazi katika shamba la mkonge. Tanga ya miaka ile ilikuwa mji wa muziki: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz katika dansi, Black Star na Lucky Star katika taarabu. Baba mdogo alinunua gitaa, akajiunga na bendi ndogo isiyofika mbali, iliyopiga mwisho wa mwezi watu wakipokea mishahara. Hakupata jina. Alipata furaha, na pombe kidogo, na maneno mengi ya watu wa milimani.

Mwaka 1989 bibi yetu, mama yao, alifariki. Ikajulikana kwamba baba mdogo anapanda kutoka Tanga na gitaa lake, akitaka kumpigia mama yake katika mkesha wimbo mmoja wa Kisambaa ambao bibi alikuwa akiwabembelezea. Baba, aliyekuwa amekwisha panga tarumbeta na tenzi, alikataa. Aliniita mimi, nikiwa kijana, akaniambia: "Kampokee baba yako mdogo pale stendi. Mwambie aje kama mtoto wa marehemu, tunamngoja. Lakini gitaa lile limelala baa miaka ishirini. Aliache kwa jirani, asilete maneno msibani."

Nilikwenda. Basi lilipofika, na yeye akashuka na gitaa limefungwa kwa kanga, nilimwambia maneno manne: "Baba amesema gitaa lisije." Sikusema kwamba tunamngoja. Sikusema "kama mtoto wa marehemu". Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Ubishi sikuwa nao, wala sikumchukia. Nadhani nilikuwa nimekwisha jifunza kipimo cha nyumbani, na niliona fahari kukibeba. Yeye aliyasikia maneno manne akaelewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa: mwenye gitaa asije. Alikuja maziko, akasimama nyuma ya watu kando ya migomba, akaondoka kabla ya chakula. Tangu siku hiyo ndugu hao wawili walishikana mikono harusini na misibani, lakini hawakuzungumza, kwa miaka 19, hadi baba mdogo alipofariki Tanga mwaka 2008. Gitaa liliandamana na mizigo yake kuja Soni. Limetundikwa ukutani kwa baba tangu wakati huo. Hajalipiga mtu, wala halijatupwa.

Sasa rudi katika swali la mzee: mimi ni ndugu wa nani? Mpwa wangu alitaka kulijibu mara moja. "Babu, umezaliwa lini?" Baba akacheka. "Mimi sina tarehe. Iliyomo katika kitambulisho ni ya karani."

Ndivyo ilivyo kwa wazee wengi wa milima hii. Bibi alihesabu watoto wake kwa matukio: baba alizaliwa masika, vijana wa kijiji wakiwa wamechukuliwa kwenda vita ya Hitler, mdogo wake alizaliwa mwaka ambao mto ulichukua daraja. Baba alipokwenda kujiandikisha chuo cha ualimu, karani alimwuliza tarehe, akakosa jibu, akaandikiwa 1 Julai 1941. Kwa nini 1 Julai? Kwa sababu ni katikati ya mwaka. Ukikosea, unakosea kwa miezi sita tu.

Hapo ndipo nilipokwenda kutafuta bahasha ya makaratasi ya baba mdogo, ambayo nilikuwa nayo tangu mazishi. Katika kadi yake ya kazi ya shamba la mkonge, kwa mwandiko wa karani mwingine, wa mji mwingine, aliyefikiri kama yule wa kwanza, imeandikwa: 1 Julai 1944.

Makarani wawili wasiojuana waliwapa ndugu wawili tarehe moja. Sikumwambia baba kwanza. Nilitaka nijue kama tarehe ya kupewa ina thamani yoyote, au ni uongo tu wa ofisini.

Nikakumbuka kwamba Beethoven mwenyewe hana tarehe ya hakika. Kitabu cha kanisa cha Bonn kinasema alibatizwa tarehe 17 Desemba 1770. Siku ya kuzaliwa haikuandikwa; watu husema 16 Desemba kwa kukisia. Zaidi ya hayo, Beethoven kwa muda mrefu aliamini amezaliwa mwaka 1772. Hata hivyo dunia humsherehekea, na kwa makisio hayo ndugu yake wa tarehe ni Joseph Kabasele, yaani Grand Kallé wa Kongo, aliyezaliwa Matadi tarehe 16 Desemba 1930, ambaye wimbo wake wa uhuru wa mwaka 1960 ulichezwa hadi mbali nje ya Kongo. Mmoja ana tarehe ya kukisia, mwingine ana ya kuandikwa, na benchi ni moja.

Nikakumbuka vilevile wanawake wawili wa Unguja. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kama mwaka 1880, na ambaye kabla ya sifa aliitwa Mtumwa, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti yake ikaenea pwani yote. Siku aliyofariki tunaijua, 8 Julai 1950. Siku aliyozaliwa hatuijui. Bi Kidude, aliyeimba unyago na taarabu mpaka uzeeni na kupokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005, alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na hakuwahi kujua alizaliwa lini. Mtoto wa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika Unguja hiyohiyo, yule Farrokh, aliandikwa siku na mwezi na mwaka. Mtoto wa mkulima wa shamba hakuandikwa. Kwa hiyo benchi langu la tarehe, nililolisifu kwamba halibagui, lilikuwa limekwisha bagua kabla watu hawajaketi. Lilibagua kwa kalamu. Huu ni upungufu ambao siwezi kuuficha: kalenda haimwulizi mtu sifa yake, lakini humwuliza cheti.

Na hata mwenye cheti huweza kunyimwa kiti. Mwaka 2006, ambao Freddie Mercury, aliyefariki mwaka 1991, angetimiza miaka 60, sherehe iliyokuwa imepangwa Zanzibar ilipingwa na kundi la kidini kwa sababu ya maisha yake, ikavunjwa. Sikusudii kuamua shauri hilo hapa. Nataka tu msomaji aone kwamba walioikataa na walioipanga waliuliza swali lilelile: je, mtu huyu anastahili? Na siku ya kuzaliwa, kama nilivyosema, haihusiki na kustahili. Hakuna aliyestahili kuzaliwa.

Basi tarehe ni nini, kama si nyota, si sifa, na mara nyingine si kweli? Jibu nililipata karibu, katika sikukuu zetu wenyewe za hapa Soni. Siku mbili za kuzaliwa tunazozisherehekea kwa muziki mwingi kuliko zote ni Krismasi na Maulidi. Injili haitaji tarehe ya kuzaliwa Yesu. Kwa Mtume Muhammad, wanavyuoni wamepokea riwaya zaidi ya moja, ingawa watu wengi hushika 12 Mfungo Sita. Mwislamu anayepiga dufu usiku huo na Mkristo anayepuliza tarumbeta alfajiri hawaithibitishi kalenda. Wanatimiza ahadi ya kukusanyika. Mwaka 2015 siku hizo mbili zilifuatana, Maulidi tarehe 24 Desemba na Krismasi kesho yake, na bado nakumbuka jinsi dufu na tarumbeta zilivyopokezana bondeni kwetu. Wapigaji wenyewe hawakuwa wamepatana lolote. Ilikuwa ni kalenda tu, mojawapo ya mwezi na nyingine ya jua, zimegusana mabega.

Tarehe, basi, ni ahadi. Ni mahali palipowekwa na watu ili wakutane. Na kama ni ya kuwekwa, hakuna kinachozuia kumwekea asiye nayo. Karani wa chuo hakusema uongo alipomwandikia baba 1 Julai. Alimpa mahali pa kuketi, ingawa hakujua anampa na nani.

Nikatafuta, basi, wa 1 Julai. Jioni ya tarehe 30 Juni nikamletea baba majina. Wa kwanza ni Thomas Dorsey, aliyezaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1899, mtoto wa mhubiri. Katika ujana wake alipiga piano katika muziki wa bluu, akimfuata mwimbaji Ma Rainey, na mwaka 1928 alirekodi na mwenzake nyimbo ambazo hakuna mchungaji ambaye angezipenda. Mwaka 1932 mkewe alifariki akijifungua, na mtoto akafariki baada yake. Kutoka katika msiba huo akatunga wimbo wa sala unaoimbwa hadi leo makanisani kote, na watu wakamwita baba wa muziki wa Injili. Lakini makanisa mengi ya Chicago mwanzoni yalimkataa, yakisema nyimbo zake bado zinanuka bluu. Wa pili ni Willie Dixon, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1915, mpiga besi na mtunzi wa bluu, ambaye alifanya kazi katika Chicago hiyohiyo na hakuiacha bluu mpaka alipofariki Januari 1992. Dorsey alifariki Januari iliyofuata, mwaka 1993. Mpwa wangu akaongeza wake: Missy Elliott, mwimbaji wa rapu, aliyezaliwa Virginia mwaka 1971.

"Huyo Dorsey," baba akasema baada ya kufikiri, "alikuwa na gitaa na tenzi ndani ya mtu mmoja."

"Piano, Babu," mpwa wangu akamsahihisha.

"Ni mamoja."

Nikamtajia Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyewachezesha watu dansi miaka mingi Dar es Salaam, na miaka ya mwisho kabla ya kufariki Desemba 2010 akaimba nyimbo za Injili. Na vidole vilikuwa vilevile. Kisha nikatoa kadi ya shamba la mkonge, nikaiweka juu ya meza. Mzee akaivaa miwani, akaisoma. Akaisoma tena. Nikaona kwamba huu ndio wakati, nikamweleza pia kile nilichokificha tangu 1989: ujumbe alionituma, na maneno manne niliyoyafikisha.

Sikusamehewa papo hapo, wala sikutegemea. Baba alikaa kimya kirefu, na kimya hicho hakikuwa cha sanaa. Kisha akasema: "Hata ungeyasema yote, maneno yalikuwa yangu. Wewe uliyakata tu yakabaki kama yalivyo ndani." Nimeyabeba maneno hayo. Sijui kama alinipunguzia mzigo au alitugawia nusu kwa nusu.

Kesho yake, 1 Julai, tulipika wali na kabichi, na kuku mmoja. Dada yangu alikuja. Baba mwenyewe aliondoa gitaa ukutani, akalifuta vumbi kwa kanga. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Mpwa wangu anajua mikono mitatu tu ya gitaa, aliyofundishwa shuleni, akaipiga kwa nyuzi zilizobaki. Baba, ambaye pumzi ya tarumbeta imekwisha mwacha, akashika sauti ya chini kwa kuvumisha, na wimbo ulikuwa ule wa bibi. Haukuwa muziki mzuri. Kwa kipimo cha baba, na kwa kipimo changu, ulikuwa muziki mbaya sana. Lakini tulikuwa tumekwisha keti.

Baadaye binti alifungua ukurasa mpya, akaandika juu yake 1 Julai, na chini yake Dorsey, Dixon, Elliott, kisha majina mawili ambayo hayamo katika kitabu chochote cha muziki. Nilipotazama ukurasa wake mwenyewe wa 5 Septemba, nikakuta ameongeza mistari miwili mwishoni: Siti binti Saad, Bi Kidude. Nikamwambia hawakuzaliwa siku hiyo. "Najua, Mjomba," akajibu. "Hawana tarehe, nimewakaribisha kwenye yangu."

Nilidhani hilo litamfurahisha mzee, nikampelekea daftari alione jina la mdogo wake karibu na lake. Alilitazama kwa muda mrefu, akalipitisha kidole. Kisha akalirudisha.

"Mmefanya vizuri kuandika," akasema. "Lakini kuandika jina si kuomba radhi. Hilo nilipaswa kumwambia mwenyewe, pale kwenye migomba, siku ile."

Akaomba gitaa lisirudishwe ukutani. Likae chini, karibu na kiti, mahali ambapo mtu akiingia anaweza kuliokota.